Kamera inayogoma kwenye kivinjari cha simu

Programu ya wavuti ya kuskani bidhaa za duka la Marikiti inakwenda vizuri kwenye kompyuta. Ukiifungua kwa simu kupitia http://192.168.1.5, yaani anwani ya kompyuta hiyo kwenye mtandao wa ndani, kamera kimya. Simu haina kosa. Kivinjari hutoa kamera kwa HTTPS (muunganisho uliosimbwa) au localhost (kifaa chenyewe kinachoendesha programu) tu, na kwenye HTTP ya kawaida `navigator.mediaDevices`, mlango wa msimbo kuifikia kamera, huwa haupo kabisa. Weka cheti cha HTTPS kwanza.

Usiombe ruhusa ukurasa unapofunguka tu. Muuzaji asiyejua kamera ni ya nini atakataa, na baada ya hapo `getUserMedia`, amri ya kuomba kamera, mara nyingi hurudisha `NotAllowedError` (kosa la kunyimwa ruhusa) bila kumuuliza tena. Itabidi aingie mwenyewe kwenye mipangilio ya tovuti, na wangapi wanaijua njia hiyo? Subiri abonyeze "Skani". Ndani ya `getUserMedia`, taja `facingMode: "environment"` upate kamera ya nyuma, la sivyo huenda ukaletewa uso wa muuzaji badala ya msimbo wa bidhaa.

Kwenye iPhone, ongeza `playsinline` kwenye tagi ya `<video>`, ama video itajaza skrini nzima. Ukiona `NotReadableError`, huenda programu nyingine imeshika kamera. Kazi ikiisha, simamisha kila traki (mkondo wa picha kutoka kamera) kwa `stop()`. Kuficha video hakuzimi kamera.