Kabla hujalipia bourbon, geuza chupa

Anza nyuma ya chupa, maandishi madogo. Bourbon ni wiski ya Kimarekani, na sheria ya huko inataka mahindi yasiyopungua asilimia 51 na pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani. Neno "Straight" kwenye lebo ni angalau miaka 2 pipani. Kama umri haukuandikwa, imeshafika 4. "Bottled in Bond", ya sheria ya 1897, ina masharti makali zaidi: kiwanda kimoja, msimu mmoja wa utengenezaji, angalau miaka 4 pipani, kilevi asilimia 50. Kwa mwenye bajeti ya kawaida, hapo ndipo pa kuanzia.

Ukikuta "Distilled in Indiana" (imetengenezwa jimbo la Indiana) kwenye lebo ya kampuni ya Kentucky, ujue imenunuliwa kwa mwingine. Mara nyingi ni nzuri tu, ila usilipie hadithi.

Katika majimbo ya Ohio, Pennsylvania na Virginia, chupa adimu husimamiwa na serikali ya jimbo na nyingi hutolewa kwa bahati nasibu, bei ya halali. Jiandikishe kila inapotangazwa. Kwingine utakutana na walanguzi, na hapo ndipo feki zinapopita: chupa tupu za Pappy Van Winkle, bourbon adimu na ghali, hununuliwa, zikajazwa kinywaji cha bei rahisi, zikafungwa upya. Kagua karatasi ya shingoni kama ina mikunjo au gundi, linganisha kimo cha kinywaji na chupa nyingine, tafuta namba iliyochapwa kwenye kioo. Muuzaji akikataa kutuma picha ya shingo, achana naye.

Nyumbani isimamishe, usiilaze kama mvinyo. Kilevi hula kizibo, kikavunjikia ndani siku ya kufungua.