Rangi ya njano iliporudi

Jana usiku binti yangu alikuwa sebuleni anafuta rangi ya kucha, mimi nikiwa chumba cha pili. Harufu ikanifikia kabla sijageuka: tamu, yenye ukali kidogo, kama tunda lililoiva kupita kiasi. Dawa yake haikuwa ya asetoni. Ilikuwa ethili asetati, na harufu hiyo nimeivuta miaka mingi kuliko manukato yoyote niliyowahi kujipaka. Nikajikuta nimesimama mlangoni.

"Mama, mbona umefumba macho?"

Nikamwambia nimekumbuka mambo ya maabara. Akataka kujua mambo gani. Nikamjibu juujuu, kisha nikaona namdhulumu, nikaketi nikamsimulia.

Ni ule mwaka wa PTP1B. Kimeng'enya hiki kazi yake ni kung'oa fosfeti kwenye protini nyingine, na mojawapo ni kipokezi cha insulini. Kikishaing'oa, ujumbe wa insulini ndani ya seli unazimika. Mwaka 1999 watafiti walionyesha kwamba panya waliofutiwa jeni ya kimeng'enya hicho wanaitikia insulini vizuri zaidi, na hawanenepi kirahisi hata wakilishwa mafuta mengi. Tangu hapo wanakemia wengi wakahangaika kutafuta molekuli ya kukizuia, nami nikiwamo. Ugumu wake ni kwamba mlango wa kimeng'enya hiki umezoea fosfeti, kitu chenye chaji hasi. Molekuli inayoupenda mlango huo huwa na chaji nyingi mno kiasi kwamba inashindwa kupenya utando wa seli. Sisi tulikuwa tunatafuta kitu kidogo, uzito wa molekuli usiozidi 500, kisicho na chaji nyingi, ambacho siku moja mtu angeweza kukimeza.

Hatua ya mwisho ya usanisi wangu ilikuwa mmenyuko wa Negishi. Unaunganisha kaboni na kaboni: upande mmoja umebeba zinki, upande wa pili umebeba halojeni, na paladiamu ndiye mshenga. Anawakutanisha, ndoa ikifungwa anaondoka kwenda kuozesha wengine. Ni mmenyuko mzuri sana, naupenda mpaka leo. Negishi mwenyewe alipewa Nobel ya Kemia mwaka 2010 pamoja na Heck na Suzuki. Ila zinki haiondoki kama mshenga. Inabaki kwenye chupa ikiwa chumvi, na ni juu yako kuiosha. Na molekuli yangu ilikuwa na nitrojeni mbili za piridini zilizokaa jirani, zimeelekea upande mmoja kama vidole viwili vinavyotaka kubana kitu.

Nilisafisha kwa safu ya silika usiku kucha, nikiimimina ethili asetati taratibu. Alfajiri nikapata fuwele nyeupe, miligramu 38. Kipimo cha NMR, kinachosoma hidrojeni za molekuli kwa sumaku, kikatoka safi, kila hidrojeni mahali pake. Uzito wa molekuli ukalingana. Sikukumbuka kwamba NMR ile inahesabu hidrojeni, na chumvi ya zinki haina hidrojeni hata moja ya kuhesabiwa.

Nikapeleka kwa dada wa bayokemia. Kipimo chao ni rahisi kukielewa hata kwa macho: kuna sahani ya plastiki yenye vishimo 96, kila kishimo kina kimeng'enya ndani ya bafa, yaani maji ya kukitunza, na kemikali isiyo na rangi iliyobeba fosfeti. Kimeng'enya kikiing'oa fosfeti, kinachobaki ni rangi ya njano. Kikizuiwa, maji yanabaki meupe. Siku ile sahani nzima iligeuka njano kama ua la alizeti, isipokuwa safu moja. Safu yangu. Nusu ya nguvu ya kimeng'enya ilipotea kwa mikromola 0.4 tu. Kwa molekuli isiyo na chaji, dhidi ya kimeng'enya kile, hiyo ilikuwa namba ya kumnyima mtu usingizi, na kweli sikulala.

Mwalimu wangu alitazama grafu kwa muda mrefu. Akasema, "Itengeneze tena, mwanangu. Kwa njia nyingine."

Nikaitengeneza kwa njia ya Suzuki, ambako badala ya zinki unatumia boroni. Molekuli ni ile ile, NMR ni ile ile, ukizilaza karatasi mbili moja juu ya nyingine mistari inafuatana. Tukapima. Safu yote njano. Hata kwa mikromola 100 haikuzuia chochote.

Hapa ndipo pananiuma. Nilichukua kile kichupa cha pili, nikaandika kwa wino mweusi kwenye karatasi yake: MBOVU. Kisha nikatumia karibu wiki mbili kutafuta ubovu huo. Nikasema boroni imebaki. Nikasema imeoza kwenye mwanga. Nikasema haikuyeyuka vizuri. Kila asubuhi nilikuja na shutuma mpya dhidi ya kichupa kile, na kila jioni kikanishinda kwa kuonekana kisafi. Kile cha kwanza sikukishuku hata mara moja. Nilikipenda.

Dada wa bayokemia ndiye aliyeniambia, tena kwa upole, huku akifuta meza. "Dada, bafa yetu haina EDTA. Nitie kidogo tuone?"

EDTA hukamata metali kama mkono unavyofumbata sarafu. Nilijua maana ya swali lake kabla hajamaliza. Nikamwambia tia.

Aliweka sahani juu ya karatasi nyeupe. Safu mbili tu safari hii, zote za kichupa cha kwanza: moja bila EDTA, moja yenye EDTA. Akaongeza ile kemikali isiyo na rangi kwa pipeti yenye midomo minane, tiki, tiki, akasogea nyuma. Hatukuisubiri mashine. Dakika ya kwanza safu zote mbili zilikuwa kama maji ya kunywa, nikapumua. Dakika ya tatu nikaona kitu kwenye kishimo cha pembeni cha safu yenye EDTA, nikajiambia ni kivuli cha bega langu. Nikasogea. Kivuli hakikusogea. Kilikuwa unjano hafifu mno, kama karatasi ya zamani, chini kabisa ya kishimo. Kisha cha jirani. Kisha cha tatu. Ilikuwa inapanda polepole bila haraka yoyote, kishimo baada ya kishimo, na safu ya pembeni yake imebaki nyeupe vile vile ikiitazama. Kufikia dakika ya kumi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Dada yule hakusema kitu. Aliweka mkono wake wenye glavu juu ya wangu, tukabaki tunatazama mpaka njano ikakolea.

Zinki. Haikuzidi sehemu chache katika 100 za fuwele zangu, lakini PTP1B haihitaji zaidi ya hapo ili inyamaze. Tuliosha fuwele za kwanza kwa maji ya EDTA, tukapima tena, nguvu yote ikatoweka. Molekuli yangu ilikuwa imebeba mzigo tu.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Sura ya vizuizi nikaiondoa kwenye tasnifu, ile ya njia za usanisi ikabaki na ndiyo iliyonivusha. Wanafunzi wangu wa sasa hawapeleki sampuli kupimwa bila safu ya EDTA na safu nyingine yenye tone la Triton, maana kuna molekuli nazo hujikusanya majini zikakamata kimeng'enya chochote kinachopita, na sabuni huzitawanya. Wanadhani mimi ni mkali. Sijawahi kuwaeleza zile wiki mbili, na sijui kama ningewaeleza ningesema nini hasa. Kwamba asingetaja EDTA ningeacha lini? Hilo sina jibu lake.

Binti yangu alinisikiliza mpaka mwisho, kucha za mkono mmoja zimefutika, za mwingine bado. Akaomba kukiona kichupa. Kipo kwenye boksi la juu ya kabati, nimehama nacho mara nne. Akakiinua kwenye mwanga wa taa, akakitikisa kidogo, fuwele zikateleza.

"Si hiki ndicho kilikuwa safi?"

"Ndicho."

"Mbona hujabandua hii karatasi?"

Nikakipokea, nikakifuta vumbi kwa kidole. Wino umefifia lakini unasomeka. Nikakirudisha kwenye boksi kama kilivyo.