Sensa ya spidi kwenye tairi la nyuma, nilipofikia

Jumamosi

Stendi ya baiskeli imekamilika. Fundi wa kuchomelea kanitengenezea ya vyuma chakavu, tairi la nyuma linakaa juu ya rola, mimi nachapa pedeli sebuleni na mvua ya Dar inyeshe itakavyo. Shida ni kwamba tairi la mbele limetulia tu kama limeambiwa lisubiri, na GPS ya simu inaona mtu kakaa nyumbani kwake, kilometa sifuri. Kwa hiyo sensa (ya spidi jamani, sio ya watu na makazi) lazima iende nyuma.

Nikang'oa ile kompyuta yangu ya zamani ya kusomea spidi, ya bei chee, iliyokuwa mbele, nayo haina waya, kisumaku nikakifunga kwenye spoku ya nyuma, kidude chake kwenye fremu, kioo kikabaki kwenye usukani. Nikapiga pedeli mpaka jasho, sifuri. Nikakichomoa kioo nikawa nakisogeza taratibu kuelekea siti, mara paap, kikaanza kusoma. Kumbe hizi za analogi mawimbi yake yanafika sentimita 60 au 70 hivi, zimetengenezwa zikae kwenye foku ya mbele, na kutoka nyuma mpaka kwenye usukani ni karibu mita nzima. Mimi nilijua bila waya ni bila waya tu.

Jumatano

Nimepata sensa ya mtumba, ina Bluetooth na ANT+ (njia nyingine ya bila waya ya vifaa vya mazoezi), inatumia betri ya CR2032, ile bapa kama sarafu. Nimeifunga upande wa kushoto kwenye lile bomba la fremu linaloshika ekseli ya nyuma, kulia kuna cheni na mambo mengi. Chini yake nimeweka kipande cha tyubu kuukuu isiteleze, juu tai za plastiki mbili. Nafasi kati ya sensa na sumaku yake nimetaka milimita 3, sina kipimo cha maana, nikabananisha kadi nne, mbili za benki, ya NIDA na ya bima, zikapita kwa shida kidogo, basi hapo hapo nikakaza.

Kuunganisha na simu kumenipotezea karibu saa nzima kwa ujinga wangu, nilikuwa natafutia kwenye setingi za Bluetooth kama vile ni spika, wakati inatakiwa ufungue programu yenyewe ya baiskeli na uzungushe tairi kwanza sensa iamke.

Ikaamka. Spidi 54!! Nimekaa zangu sebuleni na kandambili. Nikapiga picha nikamtumia shemeji, akajibu "hiyo bodaboda ya nani". Nikavimba kichwa siku mbili.

Ijumaa

Ila moyoni nilijua kuna kitu, maana hata nikizubaa zubaa nasoma 38, na miguu yangu naijua. Leo nimezima feni, nimechuchumaa, nikazungusha tairi kwa mkono polepole sana huku nakodolea kale kataa kekundu ka sensa. Kakawaka sumaku ilipopita. Nikaendelea kuzungusha, nusu mzunguko, kakawaka tena. Hapo hakuna sumaku! Nikapangusa zile spoku kwa kitambaa, nikamkuta jamaa kajificha kwenye grisi na vumbi, kile kisumaku cha kompyuta ya zamani, sikukitoa tangu Jumamosi. Sumaku mbili, kila mzunguko unahesabiwa mara mbili. 54 yangu ilikuwa 27.

Halafu hata hiyo 27 ina chumvi. Programu ilikuja imewekewa mzunguko wa tairi milimita 2096, hiyo ni ya 700x23, tairi jembamba la resi, mimi yangu ni 26x1.95. Nikaweka alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, nikaikalia baiskeli ili tairi libonyee kama kawaida, mke wangu akanishika nisianguke huku ananicheka, tukaisukuma mzunguko mmoja kamili, futi kamba ikasema sentimita 205. Nimeandika 2050, kwa hiyo 27 imeshuka ikawa 26 na nukta.

Kisumaku cha ziada nimekibandika kwenye friji. Kilichobaki ni kukata mikia ya zile tai, inakwaruza kisigino. Ile picha ya 54 shemeji kaiweka status na watu wanampongeza kwa niaba yangu, sijui nianzie wapi.