Nilivyokinyang'anya funguo kizuia virusi cha ofisini

Februari 2023 ofisi ya uwakala wa forodha ninayoihudumia hapa Chumbageni, Tanga, ilikuwa na seva ndogo ya barua pepe, memori GB 2 tu. Ankara za wauzaji, hati za shehena, picha za makontena: kila kiambatisho kilipita kwanza kwenye kizuia virusi cha ClamAV ndipo kikamfikia mwenyewe. Niliiweka mimi, na niliitegemea.

Mwezi huo Cisco, wanaoitengeneza, wakatangaza tundu la usalama namba CVE-2023-20032, lenye alama ya ukali 9.8 kati ya 10, lililogunduliwa na Simon Scannell wa Google. Lilikuwa kwenye kipande kinachosoma diski za HFS+, mfumo wa faili wa kompyuta za Mac. Programu ilitenga nafasi kwenye memori, kisha ikaandika humo bila kuhakikisha ukubwa wa kinachoingia. Ni sawa na kumimina pishi nzima ya mchele ndani ya kibaba: unaomwagika unaangukia vya watu. Ndani ya kompyuta, vilivyo jirani vinaweza kuwa ndivyo vinavyoiongoza programu ifanye nini baadaye, na mshambuliaji hodari huvibadilisha apendavyo.

Kilichoninyima usingizi ni kwamba hapakuhitajika mtu abofye kitu. Barua inatumwa tu, na kizuia virusi chenyewe ndicho kinachokimbilia kuifungua.

Nikaingia kwenye seva. Kila asubuhi nilikuwa nasoma kumbukumbu za freshclam, programu inayoileta orodha ya virusi, naona orodha imesasishwa, naridhika. Mistari michache juu yake palikuwa na neno OUTDATED, yaani imepitwa na wakati: toleo langu la ClamAV lilikuwa 0.103.6. Orodha ilikuwa ya jana, injini, yaani programu yenyewe, ya mwaka uliopita! Niliizuia mwenyewe isipande toleo, kwa sababu kila orodha mpya ilipopakiwa memori ilijaa na barua zikakwama. Nikaandika ps, amri ya kuonyesha programu zinazoendeshwa, nikakuta clamd, sehemu ya ClamAV inayokagua faili, inaendeshwa kwa haki za root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Hilo nalo langu. Siku moja ilikataliwa kusoma folda ya barua, nikaona njia ya mkato ni kuipa kila kitu.

"Mwanangu, si ulisema hicho ndicho kinachotulinda?" bosi wangu aliuliza nilipomwomba ruhusa ya kuzima barua pepe usiku.

"Ndicho, mama. Ila kinafungua mizigo ya watu tusiowajua, na nimekipa funguo za nyumba nzima."

"Basi kinyang'anye."

Wazo langu la kwanza lilikuwa kuzuia viambatisho vyenye jina la .dmg, faili za diski za Mac. Halikufaa. ClamAV hutambua aina ya faili kwa baiti zilizomo, kwa hiyo hata faili iliyoitwa ankara.pdf ingeweza kupelekwa kwenye kipande kile kile chenye tundu.

Baada ya Isha nikapandisha toleo hadi 0.103.8. Tatizo la memori nililimaliza kwa mstari mmojawapo wa usanidi, ConcurrentDatabaseReload no, ili orodha ya zamani iondoke kabla ya mpya kuingia. Ukaguzi husimama kidogo wakati huo; barua husubiri, hazipotei. Kisha nikairudisha clamd kwa mtumiaji wake wa kawaida asiye na mamlaka. Ikakataliwa folda ya barua, kama zamani. Safari hii nikamwingiza mtumiaji huyo kwenye kundi linaloruhusiwa kusoma folda ile peke yake, ikakubali.

La mwisho ndilo ninalolipenda zaidi. Kwenye systemd, inayoendesha huduma za seva, niliweka PrivateNetwork, clamd ikawa haina mtandao kabisa. Haiuhitaji: freshclam ndiyo inayoleta orodha, na seva ya barua huzungumza na clamd kupitia soketi, mlango wa mawasiliano ulio kwenye diski ya seva hiyo hiyo. Hata mtu akifanikiwa kuiteka, hana njia ya kupiga simu nje. Nikatuma faili la majaribio la EICAR, lile lisilo na madhara ambalo vizuia virusi vyote hulijua. Likanaswa.

Kompyuta sita za Windows 10 zilikuwa na Defender, kizuia virusi cha Microsoft. Nayo iliwahi kupatwa: mwaka 2017 Tavis Ormandy na Natalie Silvanovich wa Google walionyesha kwamba faili moja tu lingeweza kuiteka injini yake, inayofanya kazi kwa haki za juu kabisa. Oktoba 2018 Microsoft ikaruhusu injini hiyo kufungiwa pembeni. Niliandika amri setx /M MP_FORCE_USE_SANDBOX 1 kwenye kila mashine, nikaziwasha upya, nikahakikisha MsMpEngCP.exe, dalili kwamba imefungiwa, inaonekana.

Niliongeza pia skripti: OUTDATED ikitokea, ujumbe unaingia kwenye simu yangu. Agosti mwaka ule ule ukaingia. Kipande kilikuwa kile kile cha HFS+, safari hii tundu la kuifanya programu izunguke bila kumaliza. Nikaweka 0.103.9 kabla ofisi haijafunguliwa.