Kadudu ka Dunga

Miaka miwili ya kwanza ya kazi ya flai niliichukia, wacha niseme ukweli. Flai kwa wale hawajui ni chambo cha uongo, unachukua ndoano ndogo unaifunga uzi na manyoya ya jogoo mpaka inafanana na mdudu, alafu inapelekwa Marekani ama Uingereza kwa mzungu wa kuitupa mtoni adanganye samaki nayo. Kenya hii kuna watu wengi wanalea watoto na hio kazi na jirani wa mlango wa pili hajui wanafanya nini. Mimi nilikua kwa karakana moja hapa Nakuru, malipo ni kwa dazeni, na dazeni ikipatikana na moja imepinda inarudi yote kumi na mbili.

Kitu ya kuchekesha ni kwamba kwa hio chumba yetu yote hakuna mtu alikua amewahi kuvua na flai hata siku moja. Kulikua na mzee mmoja wa benchi ya nyuma anapenda kutuambia ati hao samaki wa trauti waliletwa Kenya mwaka wa 1905, Ewart Grogan akawaweka kwa mto Gura huko Aberdare, na ni kweli, lakini sisi trauti tulimjua kwa kalenda imetundikwa ukutani, tena ya mwaka umepita. Tulikua tunafunga tu. Sampuli inawekwa mbele yako, unaiangalia, unaiga, unahesabu.

Na mimi vile nilikua mgeni nilipewa zile zinakataliwa na wengine. Ndoano za flai zinaenda kinyume, namba ikipanda ndoano inakua ndogo, kwa hivyo namba 10 unaishika vizuri bila shida lakini namba 18 haifiki hata punje ya mchele, macho yanalia, uzi unakatika, na ukiangalia saa umefunga dazeni mbili wakati wenzako wako na sita. Kulikua na moja hasa nilikua naiota usiku, nyeusi, nyembamba, shingo nene, alafu hapo kichwani kuna kauzi keupe kadogo kametokeza. Hako kauzi ndio kalinimaliza. Msimamizi alikua anarudisha dazeni zangu kila siku, mara kauzi ni karefu, mara ni kanene, mara kamelala upande. Nikimuuliza ni ka nini anasema sampuli iko hivyo, funga.

Sasa Agosti 2013 oda zikapungua tukaambiwa tupumzike wiki mbili. Nikaona badala ya kukaa kwangu mtaa wa Kaptembwo kuhesabu mabati wacha niende kwa mjomba wangu, kakake mama, anakaa Dunga pale Kisumu, kando ya Ziwa Victoria. Nikapanda matatu ya Kericho, nimebeba vaisi yangu, ile chuma ya kubana ndoano ukifunga, kwa begi imefungwa na leso, na paketi ya hizo namba 18 kwa sababu nilikua na deni ya dazeni tano za kumalizia nyumbani.

Nilifika wakati mzuri ama mbaya, inategemea ni nani unauliza. Omena, hao dagaa wa ziwa, walikua ndio wamefunguliwa, si unajua kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Julai hairuhusiwi kuvua omena, kwa hivyo Agosti beach yote ina pilkapilka. Na mwezi haukua angani, omena anavuliwa usiku wa giza na taa ndio anakuja, basi jioni wanaume wanasafisha karabai, wanapanga nyavu, kelele tupu. Wakati huohuo nikaona moshi umesimama juu ya ziwa. Moshi kabisa, mweusi, umepanda kama wa gari ya makaa imeshika moto. Nikauliza nini inachomeka, watoto wa mjomba wakanicheka mpaka wakakaa chini. Kumbe ni wadudu. Wale wadogo wa ziwa, wanatoka majini mamilioni kwa mamilioni, hasa giza ya mwezi ikifika, na upepo ukiwaleta nchi kavu unafunga mdomo na unafunika sufuria. Usiku huo tulikula ugali na wao.

Asubuhi nikashuka kuosha uso pale karibu na mafunjo, nikachota maji na kikombe. Ndani kulikua na wadudu wengine hawajatoka bado, wananing'inia chini ya maji kidogo tu. Nikakileta kikombe karibu na jicho. Mwili mweusi mwembamba umepinda kama koma. Shingo nene. Na juu ya kichwa, aki sidanganyi, kamanyoya keupe.

Nilikaa hapo chini kwa matope na kikombe mkononi sijui dakika ngapi. Hako keupe ni ya kupumulia. Mdudu akiwa bado majini anapumua na hako, akishafika juu anapasuka mgongo anatoka na mabawa anaenda zake. Miaka miwili nimefunga mapafu ya mdudu na nilidhani ni urembo wa wazungu!

Nikarudi mbio nikabana vaisi kwa meza ya mjomba. Sikuangalia sampuli, hata sikua nayo, niliangalia kikombe. Uzi mweusi, nikaupinda uende mpaka kwa kona ya ndoano ndio mwili ukae kama koma. Alafu nikakumbuka ile flai inaitwa Pheasant Tail, nimeifunga maelfu, ilianzishwa na Frank Sawyer, mlinzi wa mto huko Uingereza, na yeye badala ya uzi alitumia waya mwembamba wa shaba ndio izame haraka. Watoto walikua na redio imekufa, nikafungua koili nikatoa waya, nikauzungusha juu ya uzi mara sita, ikatoa mistari kama ya tumbo la mdudu. Keupe nilikatoa kwa gunia la sukari. Nikakakata kafupi, kafupi kuliko yenye nimewahi kukata.

Mjomba akaingia, ametoka majini, hajalala. Akaangalia meza, manyoya ya jogoo, waya, vikasi vidogo, mdudu amekufa kwa kikombe.

"Nyara," ndio binti yangu kwa Kijaluo, "hii ni kazi ama ni dawa?"

"Ni kazi, mjomba."

"Majirani wasione."

Akanipatia mwanzi wa watoto na futi kama kumi za kamba ya kuvulia. Nilivua vibaya. Kamba inanasa kwa mafunjo, watoto wamejipanga nyuma yangu wanatoa maoni, mmoja ananiambia auntie hakuna samaki anakula uzi, weka mnyoo. Nusu saa hakuna kitu. Alafu nikaacha kuivutavuta, nikaiacha tu izame ipande pole pole vile wale wa kikombe walikua wanafanya, na kamba ikaenda pembeni peke yake.

Ilikua fulu. Mdogo wa kutosha kiganja. Nilipiga nduru kama nimevua kiboko. Nikapata wengine wawili kabla fundo liachilie flai ipotee, na mjomba akasema fulu kabla ya mbuta, yule samaki mkubwa anakula wenzake, kuwamaliza walikua wengi mpaka hakuna mtu anajisumbua nao, hao watatu ni wa paka. Lakini nilimwona akichukua ile flai ya pili nimefunga, akaiinua kwa mwanga, akaigeuza, akaiweka kwa mfuko wa shati. Hajairudisha mpaka leo.

Zile dazeni tano nilizimaliza Dunga, na ndoano mbili zilizopungua nilikatwa kwa malipo, sawa tu. Niliporudi Nakuru nikamwambia msimamizi anipatie namba 18 na 20 zote zenye watu hawataki. Akaniangalia kama mtu amerudi na malaria. Akapitia dazeni zangu moja moja na kioo, hakurudisha hata moja, alafu akanisukumia sampuli mpya imetoka ng'ambo nianze nayo. Nikaigeuza, nikamrudishia.

"Hii imekosewa," nikamwambia. "Keupe ni karefu sana."