Mguu Uliokatwa Kwanza kwenye Kompyuta

Mwaka 2017, nikisomea upasuaji wa mifupa kaskazini mwa Tanzania, tulimpokea binti wa miaka 12 kutoka miteremko ya Meru, ambako maji mengi yana floridi, madini yanayoharibu mifupa yakizidi, inayopita mno miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na matege ya watoto hayamshangazi mtu. Kwenye eksirei, mstari wa kutoka nyonga hadi kifundo ulipita upande wa ndani wa goti badala ya katikati, na kwa picha hiyo peke yake kazi ilionekana nyepesi: kukata kabari ya mfupa na kunyoosha.

Daktari bingwa hakuridhika. Aliagiza kipimo cha CT, eksirei inayopiga mwili vipande vipande, akanikalisha kwenye kompyuta nitenganishe mfupa wa paja na wa muundi, kipande kwa kipande, kazi inayochosha kuliko inavyosimuliwa, maana gegedu la ukuaji, tabaka laini ambamo mfupa wa mtoto hurefukia, halionekani kama mfupa na programu huliacha kama ufa. Tulipoizungusha modeli ya mifupa hiyo na kuitazama kutoka juu, muundi ulikuwa umejisokota kuelekea ndani kwa nyuzi zaidi ya 20. Kabari pekee ingenyoosha mguu na kuuacha unyayo ukitazama mwenzake.

Bibi yake binti aliomba kuona.

"Mkikosea humo, si mnafuta tu?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi koseeni humohumo mpaka mchoke."

Tulifuata agizo lake. Kitovu cha pindo, yaani mahali hasa mfupa ulipopindia, kilikuwa karibu mno na gegedu la ukuaji, hatukuthubutu kukata hapo. Tulikata chini zaidi, na hesabu ikatudai kipande cha chini kisogezwe pia pembeni ili mstari urudi katikati ya goti.

Baada ya upasuaji, mguu ulizungushiwa pete mbili zilizoungwa kwa vyuma sita vyenye namba, na programu ikatoa jedwali la kurefusha au kufupisha kila chuma kila siku, mfupa ukiachana takriban milimita moja ili mfupa mpya uote kwenye pengo. Modeli, hata hivyo, ilijua umbo tu. Mfupa mpya ulichelewa kuota, ikabidi tupunguze kasi na kuchapisha jedwali jingine. Lile la zamani bibi alilichana mwenyewe, mjukuu wake asije akachanganya namba.