Pasaka tuliyokaa ndani na kaseti za mzee

Pasaka ya 2018 ilianza Ijumaa Kuu tarehe 30 Machi ikaishia Jumatatu tarehe 2 Aprili, siku nne mfululizo bila kazi, na wiki nzima kabla ya hapo kwenye grupu la WhatsApp la familia ilikuwa ni safari tu, huyu anaenda baharini, yule anapeleka watoto wakaone wanyama, mwingine ana harusi mbili siku moja hajui aanze na ipi. Sisi tulikuwa na mpango wa kusafiri pia, kaka ndo alikuwa ameushikilia, ila Jumatano usiku mama akampigia dada akamwambia kwa sauti ya chini kabisa kwamba lile boksi la kaseti lililokuwa juu ya kabati limeanza kunuka ukungu, akauliza kama kuna mtu anaweza kumsaidia kabla hazijaharibika zote. Hakusema msije, hakusema mje, aliuliza tu. Dada akatuandikia mstari mmoja, "Nadhani sauti ya baba imo humo," na hapo hakuna aliyetaja safari tena.

Niwaeleze kidogo. Baba alifariki 2009 na kati yetu hakuna aliyekuwa na sauti yake, picha tunazo albamu tatu zimejaa ila sauti hakuna hata sekunde moja, si unajua simu za wakati ule, na hata aliyekuwa na simu ya kurekodi nani angewaza kumrekodi mzee akiwa anaongea mambo yake ya kila siku. Mimi ndo wa mwisho kuzaliwa na nilishaanza kuisahau, yaani maneno yake nayakumbuka lakini nikijaribu kuyasikia kichwani yanakuja na sauti ya kaka. Hilo lilikuwa linaniumiza na sikuwahi kumwambia mtu.

Sasa baba miaka ya 80 alifanya kazi mbali karibu miaka mitatu, simu nyumbani hakuna, na barua alikuwa hapendi kuandika, kwa hiyo yeye na mama wakawa wanatumiana kaseti. Anakaa anaongea dakika 60, anampa mtu anayesafiri, mama anasikiliza halafu anajibu kwenye kaseti hiyohiyo anairudisha. Watu wengi sana walifanya hivi, hasa wenye ndugu mbali, ukiuliza wakubwa kwenu huenda utakuta na wao wanazo mahali zimefungwa kwenye mfuko.

Ijumaa saa nne tulikuwa wote sebuleni. Boksi lilikuwa na kaseti 17, tukazipanga sakafuni, 11 za dakika 60 na 6 za dakika 90. Kaka akapiga hesabu palepale, masaa 20. Na hapa ndo watoto walishindwa kuelewa, mpwa wangu alidhani tunachomeka kitu kwenye laptopu halafu tunakopi kama flashi, ikabidi tumweleze kwamba kaseti haina njia ya mkato, mkanda unapita kwenye hedi, yaani kile kichwa cha redio kinachosoma sauti, sentimita 4.76 kila sekunde na ili upate saa moja ya sauti lazima ukae saa nzima uisikilize. Ukigawa masaa 20 kwa siku nne ni masaa matano kwa siku. Wikendi ya kawaida isingetosha, mi naamini kabisa ingekuwa Jumamosi na Jumapili tu tungesema tutafanya siku nyingine na zingeoza juu ya kabati.

Redio kaseti ya mzee ikagoma, au tuseme iliwaka ila sauti ilikuwa inavuta kama mtu anayeongea usingizini. Shemeji, mume wa dada, akaifungua akatuonyesha ule mpira mwembamba unaozungusha magurudumu, umelegea na ukiushika unaacha weusi kwenye vidole kama lami. Ijumaa Kuu, mafundi wote wamefunga. Akajaribu rababendi ya kawaida, ikazunguka kweli, lakini sauti ikawa inayumba, inapanda inashuka, mama akasema "hapana baba, hapo utamfanya mtu alie." Basi tukaanza kupiga simu kwa majirani kuuliza nani ana redio mbovu ya kaseti, na mzee mmoja mtaani akatupa yake ambayo ilikufa transfoma, akagoma kupokea chochote alipojua tunaitakia nini. Shemeji akatoa mpira wa ile akaweka kwenye hii. Halafu pamba na spiriti, akafuta hedi taratibu, pamba ikatoka ya kahawia, akaweka nyingine ikatoka ya kahawia, ya nne ndo ikatoka safi. Waya mmoja kutoka tundu la spika za masikioni kwenda kwenye laptopu, programu ya Audacity ambayo ni ya bure, na saa nane mchana tukabonyeza.

Kaseti ya kwanza muziki wa redioni, mtu kasubiri wimbo uanze ndo karekodi, mwanzo umekatika. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu harusi ya shangazi, vigelegele dakika 40 na mtu anajaribu maikrofoni, moja mbili, moja mbili. Ya nne ilikuwa dada akiwa darasa la tatu anasoma jedwali la kuzidisha kutoka mara mbili mpaka mara 12 bila kupumua, na dada mwenyewe yuko pale na miaka 40 na kitu anajisikiliza amefunika mdomo, na binti yake akaanza kujibu pamoja naye, saba mara nane, wote wawili kwa wakati mmoja. Hapo tulikaa kimya mpaka mara 12 ikaisha.

Ya tano redio ikaila. Wale mliotumia kaseti mnaujua ule mlio, sauti inazama ghafla halafu krrr, na moyo unazama nayo. Shemeji akazima haraka, akavuta mkanda uliojisokota ndani kwa kibano cha nyusi cha dada, sentimita kwa sentimita, kisha mama akamnyang'anya. Akachukua kalamu ya Bic, ile ya pembe sita inayoingia sawasawa kwenye jino la gurudumu la kaseti, akaanza kuurudisha huku kidole gumba cha mkono wa kushoto kikiulaza mkanda usijikunje, na vidole vyake vina ugonjwa wa viungo, asubuhi hawezi kufungua chupa, lakini ile kazi vidole vilikuwa vinaikumbuka. Alimaliza bila mkunjo hata mmoja.

Kufika Jumamosi jioni tulikuwa tumemaliza 11. Sauti ya mama tulishaipata kwenye tatu, ya ujana, nyembamba na ya haraka kuliko ya sasa, anamweleza baba ada za shule na nani kaumwa na paa limevuja wapi. Sauti ya baba hakuna. Kaka alianza kutembeatembea uani.

Usiku ule tukatoa viti nje tukapumzika. Mwezi ulikuwa mzima, Pasaka ndo kawaida yake kwa sababu ile Jumapili inahesabiwa kutoka kwenye mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, ila mwaka ule mwezi ulijaa Jumamosi yenyewe tarehe 31, mara ya pili ndani ya Machi, na Februari haukujaa kabisa. Mama akautazama akasema alikuwa anarekodi usiku kama ule, sisi tukishalala, anaweka redio mezani anafunga dirisha mbwa wa jirani wasisikike. Kaka akamuuliza kile alichokuwa anakiogopa tangu asubuhi, kaseti za baba ziko wapi.

Mama akasema, "Si nilikuwa namjibu humohumo."

Sikuelewa mara moja. Shemeji ndo akaeleza polepole, kwamba redio ikiwa inarekodi kuna hedi nyingine ndogo inayotangulia kufuta kilichopo kabla kipya hakijaandikwa, kwa hiyo kila mama alipomjibu baba alikuwa anamfuta, na baba naye akijibu anamfuta mama. Ndo maana ya kutumia kaseti moja. Mama akasema kaseti zilikuwa ngumu kupatikana, na wakati ule baba alikuwa hai, alijua atarudi, nani angetunza sauti ya mtu anayerudi.

Lakini zile tatu zenye sauti ya mama kwa nini zilipona? Tukaingia ndani tukaziangalia kwenye mwanga. Juu ya kaseti kuna vipande viwili vidogo vya plastiki, kila upande una chake, ukikivunja redio haikubali kurekodi upande ule tena mpaka uzibe tundu kwa karatasi au seloteipu. Kwenye zile tatu vyote vilikuwa vimevunjwa. Mama akasema yeye hajawahi kuvunja kitu kwenye kaseti maisha yake yote. Ni baba. Alikuwa anavunja zile anazotaka zibaki, anaziweka kwenye begi lake, anamjibu mama kwenye nyingine. Mama hakuwa anajua hilo, miaka 30. Akazishika zote tatu mapajani na akaenda nazo kulala.

Jumapili wengine walienda kanisani wakarudi mchana, tukaendelea. Ya 12, ya 13, muziki. Ya 14 ilikuwa ya dakika 60, haina jina, mama anaongea upande A mpaka mwisho. Tukageuza, anaendelea. Dada alisema hii nayo ni ileile, mwishoni mama anasema "haya baba, usiku mwema, nitampa kesho aondoke nayo," halafu tak, ya kuzima. Kwenye saa ya laptopu ilikuwa dakika ya 24. Kaka alinyoosha mkono azime na mimi nikasema subiri, sijui kwa nini, labda kwa sababu mistari kwenye skrini haikulala, ilitetemeka kidogo tu.

"...tawi lile ulikate kabla halijafika kwenye paa, usipande mwenyewe, mwite kijana."

Hivyo tu, katikati ya sentensi. Mama alinyanyuka kwenye kiti akasimama. Sauti ilikuwa nzito kuliko nilivyokuwa nimeijenga kichwani na haikufanana na ya kaka hata kidogo, ilikuwa na mkwaruzo mdogo mwishoni mwa kila neno, na nilipousikia ule mkwaruzo nikakumbuka vyote, nikakumbuka mpaka anavyokohoa kabla hajaingia nyumbani. Akaongea kuhusu tawi, kuhusu viatu vya kaka kwamba anunuliwe vikubwa namba moja zaidi, kuhusu dada asome karibu na taa. Nyuma yake mvua inanyesha. Halafu akasema, "Na huyo wa mwisho ameshaanza kutamka ra? Mwambie asijali, mimi mwenyewe nilichelewa." Mimi nilitoka nje. Nikamaliza kulia nikarudi, ikabidi waanze upya kwa ajili yangu, na hakuna aliyelalamika.

Dakika sita. Mama alikuwa amemjibu kwa dakika 24 upande ule, pungufu ya 30 za baba, ndo hizo sita zikasalia. Na hiyo kaseti haikutumwa, yule mtu wa kesho aliahirisha safari, kabla hajaondoka baba akarudi mwenyewe nyumbani. Kwa hiyo si kwamba ilitunzwa, ilisahaulika. Mwisho wake anasema, "Haya mama watoto, naona mkanda unaisha, wasalimie wo..." na mkanda ukaisha kweli.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba kaseti ilitengenezwa na timu ya Philips chini ya Mholanzi mmoja anaitwa Lou Ottens, wakaionyesha Berlin 1963, na mwenyewe akafariki Machi 2021. Siku niliyosoma habari za kifo chake niliomboleza kama mtu wa kwetu.

Jumatatu tulimaliza tatu zilizobaki, hazikuwa na kitu kikubwa, mbili mahubiri na moja mpira wa redioni. Shemeji akatengeneza faili, akamtumia kila mtu na kuweka nakala sehemu tatu tofauti, akasema Audacity inaweza kuondoa ule mvumo wa nyuma sauti ikawa safi zaidi. Akamwonyesha mama, mvumo ukatoka kweli, ila mvua nayo ikatoka. Mama akasema rudisha mvua.

Wakati tunafungasha mabegi, jioni, kila mtu anawahi kazi ya kesho, nilimkuta mama mezani peke yake na kaseti ya 14 na kisu kidogo cha jikoni. Nilidhani ameharibu kitu. Alikuwa ameisimamisha wima, ncha ya kisu imeingia nyuma ya kile kipande cha plastiki, akasukuma, kikaruka kikaanguka sakafuni. Akaigeuza, akavunja na cha pili.